Kijiji Ambacho Madame Hakukiaga

Kwa Madame hukuweza kuondoka tu. Ukisema unaenda, alisimama nawe, akakusindikiza hadi mlangoni, akauliza unakwenda wapi, utarudi lini, na kama umemuaga kila mtu aliyekuwa mle ndani. Mtoto akiwa amelala chumba cha pili, ulipaswa kuchungulia na kumnong'oneza kwaheri. Sisi watoto wa jengo lile la Bertrams tulimcheka. Tulicheza mchezo kwenye ngazi, mmoja akijifanya mgeni anayetaka kwenda zake, mwingine akijifanya Madame anayemshika mkono, mpaka mchezo unaishia kwenye kuvutana mashati.

Mwanamke huyo aliyetufanya tuage hata waliolala, yeye mwenyewe aliwahi kukiacha kijiji kizima bila kusema neno. Nilijua hivyo nikiwa mtu mzima, na tangu nijue, kile kicheko chetu cha kwenye ngazi kinaniunguza uso kila nikikikumbuka.

Tulimwita Madame kwa sababu ndivyo Wakongo wanavyomwita mwalimu wa kike, na yeye alifundisha shule ya msingi Uvira kabla ya vita kumtoa. Johannesburg haikumpa darasa. Alikuwa na cherehani dirishani, chumba cha mbele, na alishona sare za kwaya na magauni ya harusi ya watu wa Malvern na Observatory. Jumamosi alitukusanya sisi tuliokuwa tunaelewa Kiswahili chote cha wazazi wetu na kukijibu kwa Kiingereza. Hakugomba. Ukimjibu kwa Kiingereza alikuwa kama hakusikia, akaendelea kukata uzi kwa meno mpaka utafute neno lako. Sentensi hizi ninazoandika zilianzia kwenye meza ile, katikati ya vipande vya kitenge.

Kati ya Uvira na Bertrams kulikuwa na kijiji cha Ufaransa. Alikaa huko na watoto wake watatu akiwa mkimbizi, mumewe akiwa ametangulia njia nyingine iliyomfikisha Afrika Kusini. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imewatawanya wakimbizi vijijini, na yeye akaangukia mahali pasipo na reli wala duka, kanisa moja, barabara moja, ng'ombe wengi kuliko watu. Mkate ulikuja kwa gari. Gari lilipiga honi kwenye uwanja wa kanisa na wanawake wakatoka na ndara zao, wengine na nywele hazijachanwa, na pale pale penye harufu ya mkate ndipo habari zote za kijiji ziliposemwa. Meya alikuwa mfugaji. Alisaini karatasi za watu kwa mikono iliyonuka maziwa, na ofisi yake ilifunguliwa asubuhi mbili tu kwa juma.

Jirani wa Madame huko alikuwa kikongwe mwenye mbuzi. Madame alimwita Bibi wa Mbuzi, na sisi tukamjua kwa jina hilo kama tunavyowajua bibi zetu ambao hatujawahi kuwaona. Bibi huyo alitengeneza jibini na kuianika dirishani. Siku ya kwanza alimletea Madame kipande kwenye sahani, na mtoto mdogo wa Madame, akidhani ni sabuni, akaenda kunawia mikono. Bibi wa Mbuzi alicheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti. Kuanzia hapo alikuja kila siku, bila kubisha hodi, na kumpa Madame miche ya liki, mboga ya jamii ya kitunguu, apande nyuma ya nyumba.

Liki hizo zilimfuata. Nyuma ya jengo letu, mahali ambapo kila mama alipanda mboga zake za lengalenga na sombe, Madame alikuwa na mstari mmoja wa liki, ndefu na nyeupe, ambazo hakuna aliyeziiba kwa sababu hakuna aliyejua zipikwe vipi.

Alikisifia kijiji kuliko mtu anavyosifia kwao. Hapo ndipo watu walipomdhihaki. Tulikuwa na jirani Mtanzania mwenye saluni Jules Street, mtu wa maneno, na kila akija kupunguza suruali alianza.

"Madame, yaani umeshuka Ulaya ukaja kupandisha kilima cha Observatory na mfuko wa viazi kichwani? Wenzio wanazama baharini wafike huko. Wewe umekatiwa tiketi ya ndege ya kurudi nyuma."

Wote walicheka. Madame alicheka nao, isipokuwa kwenye neno kuzama. Likitajwa, mguu wake uliacha kukanyaga cherehani. Nililiona jambo hilo mara nyingi na sikuuliza, mimi niliyekuwa nauliza kila kitu.

Kuuliza ilikuwa tabia yangu iliyomchosha mama yangu. Nilimuuliza mchungaji kwa nini Mungu anahitaji spika kubwa vile. Nilimuuliza mjomba anayeuza simu kwa nini bei yake inabadilika kufuatana na rangi ya mteja. Na kwa Madame niliuliza kuhusu kijiji, kwa sababu wema wa watu wake ulinitia mashaka. Watu weupe wa mashambani wanampokea Mwafrika mwenye watoto watatu, wanampa nyumba yenye jiko la kuni na mapazia mapya, kwa nini?

"Kwa ajili ya shule," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye mshono.

Shule ilikuwa chumba kimoja. Watoto wa kijiji walikuwa wamebaki wachache mno, na mamlaka zilikuwa zimesema wakipungua zaidi darasa litafungwa, waliobaki wapelekwe kwa basi mji mwingine. Watoto watatu wa Madame walilifanya darasa libaki wazi. Siku waliyofika, meya, mwalimu na wazee waliosoma mle ndani walisimama uwanjani kuwapokea, na mtu alikuwa amepaka rangi lango la shule, rangi ikamchafua mtoto mmoja wa Madame koti.

"Basi waliwatumia," nilisema.

"Walitutumia, ndiyo. Na mimi nilikuwa nalala sakafuni kwenye kituo cha wakimbizi na watoto wenye kikohozi. Ulitaka tupendane bila kuhitajiana? Hivyo vitu viko wapi, mwanangu, nami nikavione."

Sikuridhika. Nilikuwa nimeanza chuo kikuu na nilipenda kutoridhika.

Lakini hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kuaga. Pale kijijini, mtu akihama, hata akienda mji wa pili tu, alipita nyumba kwa nyumba. Kila nyumba alikaribishwa ndani na kunyweshwa glasi ndogo ya kitu walichokitengeneza wenyewe kwa matunda. Huwezi kuikataa, na huwezi kuruka nyumba, hata ya mtu mliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Kijana mpeleka barua alipohamishwa alianza asubuhi na mizunguko yake, na jioni walimkuta amelala ndani ya hori la kunyweshea ng'ombe, kofia kifuani, akiwa bado na nyumba nne. Aliahirisha safari akazimalizia kesho yake. Madame alisimulia hivyo akiwa amesimama, akimwigiza, na mwisho alikuwa anakaa na kunyamaza ghafla, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni.

Nikiyapanga mambo yake sasa, nashangaa nilivyokuwa kipofu. Madame hakuenda kwenye sherehe yoyote ya kumuaga mtu. Alishona gauni la msafiri, akampa, akamuaga mlangoni mwake kwa muda mrefu, na siku ya sherehe kichwa kilimuuma. Kengele ya kanisa lililo upande wa mlimani ikilia Jumapili, alianza kushona, yeye asiyeshona siku ya Bwana, mpaka sauti ya cherehani iifunike. Na nguo. Hakuondoka nyumbani hata kwenda spaza, duka dogo la kona, akiwa ameacha nguo kwenye kamba. Alizianua zikiwa mbichi, zikidondosha maji, akazirundika kwenye beseni ndani, akarudi akazianika upya. Mama yangu alisema ni woga wa wezi. Ilikuwa sababu nzuri kwa Bertrams, kwa hiyo hakuna aliyetafuta nyingine.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni niliandika insha ndefu kuhusu kile kijiji. Hoja yangu ilikuwa kwamba mashamba ya Ulaya yanayokufa huazima miili ya watoto wa Kiafrika ili yajione hai, na kwamba tunachokiita ukarimu ni hesabu ya viti vya darasa. Niliiandika vizuri, nadhani. Mwalimu wangu aliisoma mbele ya wenzangu. Nilikwenda nayo kwa Madame Jumamosi moja, nikamtafsiria aya baada ya aya, nikisubiri ajivunie mwanafunzi wake.

Alisikiliza yote. Alinisahihisha neno moja la Kiswahili. Halafu akatoka nyuma, akaanua nguo zake zote kwenye kamba, akaja nazo mikononi, akakaa nazo mapajani.

"Umeuliza walinipokea kwa nini," alisema. "Mbona hukuuliza niliondoka vipi?"

Akanieleza. Mumewe alikuwa amepata kazi ya ulinzi huku, na chumba. Alimpigia simu, njoo, nimechoka kulea watoto kwa simu. Madame alikuwa tayari na karatasi za kusafiria. Binamu yake wa Lyon alikata tiketi. Na kila aliyempigia, mama yake Uvira, binamu, mume, alimwambia neno lile lile ambalo sisi sote tumelelewa nalo: usimwambie mtu. Safari inayosemwa inaharibika. Kuna mwenye kijicho, kuna mwenye ulimi, kuna karatasi itakayokwama. Ukifika, ndipo useme.

Aliwaogopa kina nani pale, Bibi wa Mbuzi? Nilimuuliza hivyo, na akasema hapana, hakumwogopa mtu. Ilikuwa ndivyo safari inavyofanywa. Hakuwahi kuona mtu wa kwao akisafiri kwa namna nyingine.

Kwa hiyo aliifanya vizuri, kama mtu mwangalifu. Hakugawa kitu, maana kugawa vyombo ni kutangaza. Aliacha mabakuli ya asubuhi mezani. Alifua na kuanika nguo za watoto, ili majirani wapitao waseme wapo. Binamu alikuja na gari alfajiri, akaegesha nyuma ya makaburi. Mtoto mdogo alilia kwa sababu mabuti yake ya mpira yalibaki kwenye bwawa dogo chini ya kanisa, alikokuwa anakamata viluwiluwi. Madame akamwambia atamnunulia mengine.

Alikusudia kuwapigia akifika. Alifika, mambo ya huku yakamshika, juma likapita, akaona aibu kidogo. Mwezi ukapita, aibu ikawa kubwa kuliko simu.

Miaka baadaye binamu wa Lyon alikutana sokoni na mwanamke wa kile kijiji, asiyemfahamu, akiuza jibini na kuwasimulia wateja wake. Kulikuwa na familia ya Kiafrika, alisema. Siku ya pili mtu aliona nguo bado ziko kwenye kamba. Wakaingia, wakakuta mabakuli. Halafu wakakuta mabuti ya mtoto kando ya bwawa.

"Walipiga kengele," Madame alisema. "Watu waliacha majani makavu shambani, wakati wa kuyakusanya. Walilichokoa bwawa kwa fito. Walileta askari na mbwa. Meya aliingia majini mwenyewe, mpaka hapa." Aligusa kifua. "Walikuwa wananitafuta na wanangu kwenye matope, na mimi nilikuwa hapa Bertrams napaka chumba rangi."

Askari ndio waliogundua kwenye kumbukumbu za uwanja wa ndege kwamba walipanda ndege, wazima, na mizigo yao. Yule mwanamke wa sokoni alisema kijiji kilinyamaza siku hiyo kuliko siku za kutafuta. Shule zilipofunguliwa baada ya likizo, darasa lao halikufunguliwa. Binamu alinunua jibini, hakusema yeye ni nani, akaondoka.

Nilikuwa bado nimeshika insha yangu. Sijui niliiweka wapi baada ya hapo.

Ningenyamaza ingekuwa heri. Badala yake nilifanya ninachofanya, nikatafuta suluhisho. Nilimwambia namba ya ofisi ya meya itapatikana kwenye simu yangu dakika hiyo hiyo. Alikataa. Nikamwambia ni jambo dogo, watu hao wamezeeka, wangefurahi.

"Kwa uso gani?" aliuliza.

Nikamwambia, Mungu anisamehe, kwamba kwenye simu uso hauonekani. Nikaongeza kwamba hii mila yetu ya kuficha safari ni ushirikina wa watu waliozoea kukimbia, na mtu aliyesoma kama yeye angeiona. Alinisindikiza mlangoni. Aliniaga kama kawaida, akauliza nakwenda wapi na nitarudi lini. Sikurudi kwa muda mrefu, na tulipokutana kwenye robot, zile taa za magari za Jules Street, alinisalimu kwa adabu ambayo hutolewa kwa wageni.

Mumewe alikuwa ameshafariki wakati huo, watoto wamekua na kutawanyika. Yule aliyelilia mabuti anaendesha lori Durban. Baada ya kumaliza chuo nilikaa nyumbani nikitafuta kazi, nikigombana na mama, mpaka mwaka huu nilipopata nafasi Nairobi, kwenye shirika la utafiti. Mama alinikumbatia jikoni, akafunga dirisha, akashusha sauti.

"Usiambie mutu. Hata wa kanisa. Ukifika, tutasema."

Nilicheka. Nikamwambia ninachofikiri kuhusu hayo, nacho nilikuwa nacho kingi. Halafu siku zikapita na sikumwambia mtu. Nilikutana na rafiki zangu, nikala nao, nikasema tutaonana. Jirani wa saluni alipouliza mbona nanunua begi, nilisema ni la mama. Kila mara nilijiambia ni kwa ajili ya kumtuliza mama. Sikuwa na hoja nyingine, na hiyo yenyewe haikuwa kweli. Niliogopa. Nilikuwa na karatasi mpya mkononi na niliogopa mdomo wa mtu utazifuta.

Asubuhi moja kabla ya kuondoka nilikwenda kwa Madame kumrudishia sufuria yake aliyoiazima mama na mkasi niliouazima mimi zamani. Nilikusudia kuviweka na kwenda. Alikuwa amezeeka. Alivaa miwani miwili, mmoja machoni, mwingine kichwani. Aliviangalia vitu mezani.

"Sufuria na mkasi siku moja," alisema. "Unasafiri?"

"Hapana, Madame."

Nilisema kwa Kiswahili safi, alichonifundisha yeye. Hakubisha. Aliinuka tu, kama kawaida yake, anisindikize. Tukafika mlangoni, akaanza, unakwenda wapi, utarudi lini, na hapo nikashindwa kuinua macho. Nyuma yake niliona beseni lenye nguo mbichi.

"Nairobi," nilisema. "Jumapili. Sijui nitarudi lini."

Aliniangalia kwa muda. Sikuona hasira, wala ule ushindi ambao ningeuona usoni mwangu kama ningekuwa yeye. Alionekana kuona aibu pamoja nami, kana kwamba tumefumaniwa sote wawili nyuma ya makaburi yale.

"Umewaaga wangapi?"

"Wewe tu. Na wewe nilikudanganya kwanza."

Akarudi ndani akakaa kwenye kiti cha cherehani. Akasema leo ni siku ya ofisi ya meya kule kijijini, wapo mpaka mchana, na majira haya saa zao na zetu ni sawa. Nilitoa simu niitafute namba. Alinizuia kwa mkono, akaanza kuitaja, tarakimu mbili mbili kama wanavyozitaja Wafaransa, bila kusita. Alikuwa amewakaririsha watoto wake namba ile walipofika kijijini, ili wakipotea mtu awarudishe.

Niliweka spika, mwanamke akapokea. Madame alitaja jina lake. Yule mwanamke akauliza neno moja, watoto? Madame akasema wazima, wakubwa. Tukasikia simu ikiwekwa mezani, dirisha likifunguliwa, sauti ikiita nje uwanjani. Tulisubiri. Madame alikuwa ameshika ukingo wa cherehani kwa mikono miwili.

Aliyekuja alikuja taratibu, anapumua kwa shida. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Kifaransa changu kidogo kilitosha, maana alisema mambo mafupi.

"Bwawa tulilikausha," alisema Bibi wa Mbuzi. "Samaki walikufa wote."

"Najua."

"Darasa lilifungwa."

"Najua, Mama."

Pumzi ile ikaendelea sikioni mwetu.

"Nguo zako nilizianua mimi. Mvua ilikuwa inakuja."

Madame alisimama. Alivua miwani yote miwili, akarekebisha kitenge kiunoni, kama mtu aliyesimama kwenye mlango wa wenyewe.

"Nimekuja kuaga," alisema.

Kikongwe alimwambia amechelewa. Alisema meya amekufa, na nyumba nyingine zimefungwa, asitegemee kuzimaliza zote. Kisha akasema, "Basi ingia."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Madame mpaka shingoni na hakuyafuta. Alinionyesha kabati kwa kidevu. Nikaenda nikachukua glasi, ndogo kuliko zote. Aliitazama, akatikisa kichwa, akainua vidole viwili, glasi yake na yangu, akanielekeza mlango wa jirani kwanza, na wa pili, na ngazi zote za jengo lile, kwa wote niliokuwa sijawaaga.